Nani Ashike Kalamu? Mitaa ya Ujiji na Kazi ya Ushirika

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Sherehe za Miaka Kumi ya Chama Kikuu)



Naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi ya kusema katika siku hii ambayo Chama Kikuu chetu kinatimiza miaka kumi. Wenzangu walionitangulia wamesema habari za mazao, mizani, maghala na malipo, nao wamezisema vizuri kuliko niwezavyo mimi. Mimi nimeombwa niseme habari za nyumba na mitaa. Najua wako kati yenu wanaojiuliza, mkulima na ramani ya mji wapi na wapi? Jibu langu ni fupi. Wengi wetu twalima nje ya mji lakini twalala Ujiji. Hata yule alalaye Mwandiga au Kalinzi, mawese yake na ndizi zake huteremka mjini, na watoto wake wakikua hutafuta chumba mjini. Mji ukiwa wa watu wengine, sisi tutakuwa wapita njia katika soko letu wenyewe.

Ujiji si mahali pa jana. Wazungu Burton na Speke walipofika mwezi wa Februari 1858 waliwakuta watu wa pwani wamekwisha tangulia, kwa njia ile ile ya misafara itokayo Bagamoyo na kupita Tabora. Livingstone alifika mwaka 1869, na Stanley akamkuta hapa mwaka 1871. Wageni waendao kutazama mnara wa kumbukumbu yao hushangaa kuuona uko mbali na maji. Sababu yake ni kwamba siku zile ziwa lilikuwa juu zaidi; mnamo mwaka 1878 maji yalifungua njia yake ya kutokea katika mto Lukuga, upande wa Kongo, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa mita nyingi. Hivyo ziwa lilirudi nyuma, na mji ukabaki pale pale na watu wake: Wajiji na Waha, Wamanyema, Wabembe, Wagoma, Wabwari, na watu wa pwani waliooana nao.

Jambo la pili lililorudi nyuma halikuwa maji. Wadachi walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, na mwezi wa Februari 1914 ilifika ziwani. Haikufika Ujiji. Ilifika Kigoma, kwa sababu ghuba ya Kigoma ina kina na imekingwa na upepo. Kwa kazi ya meli, walichagua vizuri, wala sibishani nao. Lakini stesheni, bandari, ofisi na maduka makubwa vilifuata reli, na Ujiji, uliokuwa mwisho wa safari wa Afrika Mashariki nzima, ukawa kitongoji cha mji ulio umbali wa kilomita chache tu. Walioandika mstari ule katika karatasi hawakulala Ujiji, wala hawakumwuliza mtu aliyelala huko.

Leo Kigoma na Ujiji ni manispaa moja, na kati yake umejaa Mwanga, Gungu, Katubuka na mitaa mingine. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilipata wakazi 215,458. Manispaa hii ilikuwa pia miongoni mwa miji iliyoingizwa katika Mradi wa Miji ya Kimkakati, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2010, pamoja na Arusha, Mbeya, Mwanza, Tanga, Dodoma na Mtwara. Barabara za lami zilizopatikana twazipita kila siku. Lami ni neema, na mtu asije akasema nimeikataa. Ninalotaka kuwakumbusha ni kwamba lami ipitapo, bei ya ardhi hupanda pande zote mbili za barabara. Ikipanda, hufika mtu mwenye fedha taslimu, amkute mjane mwenye nyumba ya udongo, kiwanja kisicho na hati na watoto wenye karo. Hakuna sheria iliyovunjwa, wala mtu aliyeonewa kwa nguvu. Lakini mtaa unaweza kuhama wote kwa njia hiyo, nyumba moja moja, na katika vitabu ikaandikwa kwamba mji umeendelea.

Wazee waliomo humu wanakumbuka namna nyingine ya kupangiwa. Mkoa wetu ulikuwa wa mapema katika kuhamishiwa vijijini: Operesheni Kigoma ilikuwa mwaka 1972, kabla haijatangazwa mwaka 1973 kwamba kukaa vijijini ni lazima nchi nzima. Watu walijengewa safu za nyumba kando ya barabara, mashamba na michikichi yao ikabaki mbali. Zilipatikana shule na zahanati, na haifai kusema kwamba hazikuwa kitu. Lakini mkulima hakuulizwa mahali pa kuweka nyumba yake, ingawa yeye ndiye aliyejua maji hupita wapi wakati wa masika. Nanyi wana ushirika mnalo la kukumbuka zaidi, kwamba mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa kwa amri, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Tunajua basi, kuliko watu wengi, tofauti ya kuwa mwanachama na kuwa jina katika orodha ya mtu mwingine.

Sasa nataka kuwapeleka mbali kidogo, maana jambo hili limewahi kuwapata watu wenye ngozi kama yetu katika nchi tajiri, na namna walivyolikabili inafaa kusikilizwa.

Katika mji wa Boston, Marekani, iko sehemu iitwayo Roxbury, ambayo wengi wa wakazi wake ni Wamarekani Weusi, pamoja na watu waliotoka visiwa vya Cape Verde na nchi za Amerika ya Kilatini. Humo imo barabara iitwayo Dudley Street. Kwa miaka mingi mabenki yalikataa kuwakopesha watu wa huko fedha za kujenga na kutengeneza nyumba. Wenye nyumba wengine waliziacha zikaoza, na wengine zikaungua moto ambao watu walijua umewashwa kwa ajili ya fedha za bima. Ilipofika miaka ya 1980, sehemu hiyo ndogo ilikuwa na viwanja vitupu vipatavyo 1,300, na magari yalikuja usiku kutoka sehemu nyingine kumwaga takataka.

Mwaka 1984 mfuko mmoja wa hisani, wenye fedha na nia njema, ulikusanya mashirika yaliyokuwa na kazi katika sehemu ile. Wakaunda kamati na kuandika mpango wa kuuhuisha mtaa. Mwanzoni mwa mwaka 1985 wakawaita wakazi kanisani ili wawasomee. Wakazi walisikiliza kwa adabu, kisha wakauliza: Katika ninyi mlioketi mbele, wanaoishi katika mtaa huu ni wangapi? Ikaonekana ni wachache sana, na viti walivyowekewa wakazi katika kamati vilikuwa vichache vile vile. Mkutano ukachafuka. Basi waandalizi wakafanya jambo ambalo wenye fedha hawalifanyi mara nyingi: waliichukua katiba yao, wakaiandika upya, viti vingi vikawa vya wakazi wenyewe, na kila kabila kubwa la mtaa ule likapewa viti sawa na lingine.

Kazi ya kwanza ya kamati ile mpya haikuwa nyumba. Ilikuwa takataka. Walipiga kelele mwaka 1986 mpaka majaa yaliyokuwa kinyume cha sheria yakafungwa. Huo ulikuwa ushindi mdogo ulioonekana kwa macho, na ndio uliowaleta watu katika mikutano ya mpango wenyewe. Mpango ulikamilika mwaka 1987. Mafundi wa ramani walikuwapo, lakini waliajiriwa na wakazi, si wakazi walioalikwa na mafundi. Mwaka 1988 Mamlaka ya Uendelezaji Upya ya Boston ikawapa uwezo ambao kwa desturi ni wa Serikali peke yake, yaani uwezo wa kutwaa viwanja vitupu vilivyotelekezwa katikati ya mtaa na kulipa fidia. Ardhi ile haikuuzwa tena. Iliwekwa katika amana ya watu wote: mtu hununua nyumba, lakini kiwanja hukodishiwa kwa miaka 99, na akitaka kuuza nyumba bei ina kikomo, ili mnunuzi ajaye naye awe mtu wa kipato cha kawaida. Nyumba zaidi ya 200 zimejengwa kwa utaratibu huo, na watu wa Dudley Street hawakuhamishwa na uzuri wa mtaa wao.

Nimekaa Boston kwa muda mrefu kwa sababu ya lile swali la kanisani. Sijui kama liko swali bora zaidi la kumwuliza mtu yeyote ajaye na ramani iliyokwisha chorwa.

Tena hii amana ya ardhi haikuzaliwa mjini. Huko Marekani ilizaliwa shambani, kwa wakulima kama sisi. Katika jimbo la Georgia, Weusi waliojiandikisha kupiga kura walifukuzwa katika mashamba ya mabwana waliokuwa wakiwalimia. Mwaka 1969 wao na viongozi wao, akiwamo Charles Sherrod, walianzisha shirika liitwalo New Communities, wakanunua ekari zipatazo 5,700 ili zisimilikiwe na mtu mmoja mmoja bali na wote. Walilima kwa miaka mingi katika uadui mkubwa. Ukame ulipokuja, mikopo ya dharura waliyoomba Serikalini ilicheleweshwa, madeni yakawashinda, na mwaka 1985 ardhi ile ikaondoka mikononi mwao. Mwaka 2009 ndipo walipopewa fidia ya dola milioni 12 kwa ubaguzi ule. Shamba lao lilipotea, lakini wazo lao ndilo lililoingia mjini.

Watu wa Ujiji wasilione wazo hili kuwa geni. Wengi wetu tunajua maana ya wakfu. Mtu huacha nyumba au shamba lake. Kitu chenyewe hakiuzwi, hakirithiwi, na faida yake hutumika katika jambo lililotajwa. Amana ya mtaa ni ndugu wa wakfu, ila ina tofauti kubwa moja: walinzi wake huchaguliwa na wakazi kwa kura na huondolewa kwa kura, kama Kamati yetu hii.

Karibu na kwetu pia limejaribiwa. Voi, nchini Kenya, iko sehemu ambayo wakazi wake waliiita Tanzania-Bondeni. Watu walikuwa wamejenga bila hati katika ardhi ya Serikali, ya Shirika la Reli na ya shamba la mkonge. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mpango wa kuitengeneza ulipoanza kwa msaada wa Wajerumani, wakazi waliulizwa wataka kuimiliki ardhi kwa namna gani. Ungedhani kila mtu angeomba hati yake. Walifanya mikutano mingi, wakaogopa kwamba hati za mmoja mmoja zingenunuliwa upesi na wenye nacho, na wao wangekwenda kujenga vibanda vingine mahali pengine. Wakachagua ardhi iwe ya wote na nyumba iwe ya mwenyewe. Haikuwa kazi rahisi, kwa kuwa sheria haikuwa na njia iliyonyoka kwa jambo la namna hiyo, na ilibidi waunde vyombo viwili, chama cha wakazi na amana.

Na hapa nchini, Dar es Salaam, watu wa Hanna Nassif katika Kinondoni, waliokuwa wakiingiliwa na maji kila masika, katika miaka ya 1990 waliunda chama chao, wakajenga mifereji na barabara kwa mikono yao wenyewe, kwa ujira, wakisaidiwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa na wataalamu wa chuo cha ardhi. Maji yalipungua na nyumba zikapata thamani. Lakini thamani ilipopanda, kodi ya chumba nayo ikapanda, na mpangaji aliyechimba mfereji akaona amejichimbia njia ya kuondokea. Naomba jambo hilo mliweke moyoni. Tukisema wakazi, tusimaanishe wenye nyumba tu.

Sasa turudi nyumbani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imeweka utaratibu wa kurasimisha makazi yaliyojengwa bila kupimwa, na inataka wakazi wasikilizwe. Hiyo ni sheria nzuri. Shida ni katika neno kusikilizwa, maana inategemea umeitwa saa ngapi. Mkutano wa mtaa ukiitwa saa nne asubuhi, mvuvi wa dagaa amelala kwa sababu alikesha ziwani na taa zake, mkewe yuko mchangani anaanika, na mkulima yuko shambani. Wanaobaki kuhudhuria ni sisi wenye viti vya ofisini, nasi tunaandika kwamba wananchi wamekubali. Asiyekuwapo na lake halipo. Kama kweli twawataka wavuvi, basi mikutano iitwe siku za mbalamwezi, wakati taa hazivuti dagaa na mitumbwi imepumzika. Jambo hilo halimo katika mwongozo wowote, lakini kila mtoto wa Ujiji analijua.

Kabla ya mkutano wa kura, lazima kiwepo kitabu. Ushirika wetu umesimama juu ya kitabu cha wanachama na kitabu cha mizani. Mtaa nao wahitaji kitabu cha nyumba. Kiandikwe mwenye nyumba ni nani, wapangaji ni wangapi, na, lililo gumu kuliko yote, warithi ni akina nani. Ziko nyumba za zamani zinazoanguka si kwa umaskini bali kwa kuwa warithi ni wengi, mmoja yuko hapa, wengine wako Dar es Salaam au ng'ambo ya ziwa, na hakuna mwenye ruhusa ya kugusa tofali. Nyumba kama hiyo ikipimwa kwa haraka, hati huandikwa jina la yule aliyekuwapo siku ile, na ugomvi huanzia hapo. Bora tukae na warithi mwaka mzima kabla mpima hajafika kuliko kukaa mahakamani miaka kumi baada ya kuondoka kwake.

Kisha ichorwe ramani ya wakazi wenyewe, hata kama ni kwa kijiti mchangani na baadaye kwenye karatasi. Mpima ardhi mwenye elimu yake ataona nyumba na barabara. Hataona kwamba uwazi ule anaodhani ni kiwanja kitupu ndipo wanawake wanapoanika dagaa. Kwamba kijia kile chembamba ndicho wanachopita wenye madebe ya mawese. Kwamba chini ya mwembe ule yako makaburi. Kwamba bonde lile kavu si kavu mwezi wa Aprili. Wala hatajua maji ya ziwa yalifika wapi yalipopanda miaka ya 2020 na 2021, isipokuwa aonyeshwe na aliyebeba godoro lake kichwani.

Swali lililobaki ni la chombo. Katika kijiji, sheria za nchi zimeipa Halmashauri ya Kijiji mwili wa kisheria: yaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Mtaa wa mjini hauna mwili huo. Una mwenyekiti na kamati, lakini hauwezi kushika ardhi kwa jina lake. Kwa hiyo watu wa mtaa wakitaka kushika pamoja hata uwanja mmoja wa kuanikia dagaa, hawana budi kutafuta chombo kingine, nacho kiko karibu. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 haikuwekwa kwa ajili ya mazao tu. Ushirika wa nyumba nao umo. Ndiyo sababu nimeleta habari hii kwenu badala ya kuipeleka kwingine. Mnajua kuitisha mkutano mkuu, kuhesabu kura, kukagua hesabu, na kumwondoa katibu aliyekula fedha. Ujuzi huo ni wa thamani kubwa, na mitaa mingi haina.

Iko hoja ambayo mzee mmoja alinieleza juzi, nami sitaificha. Alisema hati ya mtu binafsi ni dhamana ya mkopo, na ardhi ya pamoja benki haiitaki. Je, wataka kumfunga kijana asikope? Ni hoja nzito. Jibu langu ni kwamba nyumba hubaki ya mtu, na amana si lazima ichukue kila kiwanja. Yaweza kuanza na viwanja vilivyotelekezwa, sehemu za pwani za kuanikia, na viwanja ambavyo wenyewe wataka kuuza, ili mnunuzi wa kwanza kuulizwa awe mtaa. Anayetaka hati yake aichukue. Lakini aichukue akiwa amekwisha sikia habari ya Voi.

Kwa maofisa wa Manispaa waliokuja kutuheshimu leo ninalo ombi moja tu: rasimu iletwe mitaani kabla mawe ya mipaka hayajazikwa, iletwe kwa Kiswahili, na ibandikwe mahali ambapo watu hupita, msikitini, sokoni na mwaloni, kwa muda wa kutosha watu kubishana.

Na kwa Kamati yetu: hatuwezi kuanza na mji mzima. Uchaguliwe mtaa mmoja, katika Kitongoni, Kasingirima, Rusimbi au penginepo. Si kazi yangu kusema ni upi. Katibu amekubali kufungua kitabu cha nyumba, na kalamu na karatasi zitatoka katika fungu la elimu ya wanachama. Mkutano wa kwanza utakuwa siku ya mbalamwezi ijayo baada ya swala ya alasiri, na wapangaji wanaalikwa kwa haki sawa na wenye nyumba. Watakaopenda kuandika majina leo watamwona Katibu mlangoni.